Nusu ya Uwanja wa Mbiu

Rujewa, Jumapili 5 Juni 1977

Leo tumewafunga Chimala. Mimi sichezi. Mimi ni mlinzi wa Uwanja wa Mbiu, nafyeka, nachora chokaa, nafungua geti na kulifunga. Lakini nikisema "tumewafunga" hapa Rujewa hakuna anayebisha.

Roza alikuwa getini na vitumbua vyake. Kaniuliza, "Mihayo, leo utaongea, au nikuache mpaka Krismasi?" Nikacheka tu. Alipoondoka ndiyo maneno yakanijia, mazuri kabisa.

Jumatatu 6 Juni

Baridi. Nimefagia.

Jumatano 8 Juni

Dereva mgeni kaniuliza hii pembe ya njano iliyochorwa kwenye bati la uwanja ni tangazo la dawa gani. Ulimi ukagoma. Nikamwonyesha kibanda cha Silvester, mtu wetu wa redio koli. Silvester akatoka na chai yake mkononi.

"Dawa? Hii ni Mbiu, ndugu yangu! Simu inayotembea! Simu zingine zimefungwa kwenye nguzo kama ndama, ya kwetu inapanda lori. Umekwama Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyako, unabonyeza, unaita. Mimi hapa nakuitikia, namwita fundi Mbeya. Ita, utaitikiwa!"

"Na uwanja je?"

"Wa Mbiu. Jezi za Mbiu. Iringa tuna ukumbi wa dansi, Mbeya tuna jukwaa la Sabasaba. Mzee Pavlo, yule Mgiriki mwenye kampuni, anasema mtu akicheza kwako leo, kesho ataita kwako."

Dereva akaondoka anacheka. Mimi huyu Silvester simpendi sana. Anaongea kama mashine ya kukoboa. Tena kwa sababu yeye Mhehe na mimi Msukuma, kila siku ni utani: ananichukulia kofia, anakunywa uji wangu, ananiita mkia wa ng'ombe. Huwezi kumkasirikia mtani. Ndiyo sheria. Basi nakaa kimya.

Jumatano 15 Juni

Baba mdogo Kashindye kaja. Majani yanaisha, anataka kuhamisha ng'ombe upande wa Chunya, na vijana wake ni wadogo. Alisimama katikati ya uwanja akauangalia kama mtu anayeangalia shamba la jirani.

"Ng'wanawane, mwanangu, mwanaume anachunga ng'ombe. Hachungi nyasi."

Nikamwambia ni kazi, baba. Akafikiri. Akasema sawa: kazi ikiwepo nibaki, kazi ikiisha namfuata Chunya, na safari hii hakuna mjadala. Nikakubali kwa kichwa.

Porini nilikaa tangu nilipoacha shule darasa la nne mpaka nikaota ndevu. Ng'ombe sina ugomvi nao. Ila hapa watu wakipita wanasema "Mihayo, za leo?" Kule naweza kukaa mwezi sijasikia jina langu.

Jumatatu 20 Juni

Mzee Pavlo ameuza kampuni. Habari imekuja kwenye redio koli kutoka Iringa, mimi nikiwa nimesimama mlangoni kwa Silvester. Spea alikuwa anazitoa Nairobi, tangu mpaka umefungwa hazipiti. Sasa mwenye Mbiu ni shirika moja kubwa. Silvester aliweka chini kipaza sauti, akakaa. Leo hata uji wangu hakuugusa.

Jumanne 28 Juni

Nimepanda na Faustin, dereva wa kampuni, kupeleka betri Iringa. Baridi ya kule inauma mifupa. Nilimwomba anipitishe Ukumbi wa Mbiu. Nilikuwa nausikia tu.

Mlango wazi. Ndani ni magunia ya mbolea mpaka kwenye jukwaa walipokuwa wanakaa wapiga magitaa. Juu ya magunia bado zimening'inia zile taa za rangi, nyekundu na kijani. Harufu inachoma macho. Ukutani pembe ya njano imepakwa chokaa, lakini chokaa nyepesi, bado unaiona kwa chini.

Faustin akasema, "Hawa wa shirika hawana ubaya, mdogo wangu. Wanatafuta tu mahali penye paa."

Njia nzima nilikuwa nafikiria kwetu hapana paa. Nikafurahi kidogo. Halafu nikafikiri, penye uwazi hujengwa paa. Furaha ikaisha.

Alhamisi 7 Julai

Sabasaba. Silvester kaita Mbeya asubuhi. Jukwaa lipo, jina la Mbiu halipo tena.

Jumapili 10 Julai

Sare. Vumbi.

Alhamisi 14 Julai

Leo tumemzika mama mkwe wa baba Kashindye, bibi Ng'washi, aliyekuwa anauza maziwa pembeni ya uwanja. Jeneza limefika kaburini, wanataka kuliteremsha, Silvester akaruka ndani. Akalala chali na suruali yake ya kazini, akafumba macho.

"Huyu bibi haingii humu! Mmeniulia mtani wangu bila taarifa, sasa mnikomboe! Vinginevyo nizikeni mimi, yeye abaki awauzie maziwa yenye maji!"

Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, machozi yaleyale. Baba Kashindye akaleta kuku.

"Kuku mmoja? Mimi Mhehe mzima!"

"Tungekuletea mbwa," baba akasema, "ila wamekuona kwa mbali wamekimbia."

Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa. Hata mchungaji wa kanisa akageuka pembeni kuficha kicheko. Silvester akapokea kuku, akatoka, bibi akazikwa. Ndiyo desturi. Mtani anaruka kaburini, hatoki mpaka akombolewe, na mwenye msiba akikasirika aibu ni yake.

Baadaye nilikwenda kuchota maji ya kunawa. Nikamkuta Silvester nyuma ya nyumba, peke yake, anajifuta udongo. Alikuwa analia kweli, mpaka mabega. Yule bibi alikuwa anamletea maziwa kila asubuhi tangu alipohamia hapa hana mtu. Hakuniona. Nikarudi na ndoo yangu taratibu.

Ijumaa 15 Julai

Silvester kachukua kofia yangu. Nimemwachia.

Jumapili 24 Julai

Mvua! Mwezi wa saba! Hata wazee wa Kisangu, wenyeji wa hapa, wanaulizana. Imenyesha tangu asubuhi mpaka mchana, na mpunga wa watu upo nje, mwingine kwenye magunia, mwingine bado kwenye majamvi. Mwaka huu mavuno yamekuwa makubwa mno, ghala la kijiji limejaa mpaka mlangoni. Hakuna mechi. Tulikwenda wote kubeba magunia, wachezaji na jezi zao. Mama yake Roza alikuwa anapepeta mpunga uliolowa kwa mikono, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Jumanne 26 Julai

Mpunga uliolowa umeanza kuota. Njia nzima inanuka uchachu.

Jumamosi 30 Julai

Bosi mpya wa Mbiu anakuja wiki ijayo. Anaitwa Bwana Ambrosi, yupo ofisi ya Iringa. Silvester ameongea naye kwenye redio, katoka kibandani anang'aa.

"Mhehe wa kwetu! Kanisalimia 'kamwene' kama kazaliwa jikoni kwa mama yangu. Usiogope, mkia wa ng'ombe. Mhehe hawezi kumfukuza mtani wake."

Nimelala vizuri.

Jumamosi 6 Agosti

Bwana Ambrosi kafika. Mtu mrefu, mkimya, kofia ya pama, anasikiliza huku anaangalia viatu vyake. Akatembea uwanja wote. Halafu akawaambia watu kwamba shirika litajenga ghala la mpunga hapahapa, maana ndipo mahali pa juu, maji hayatuami, na lori linafika. Redio koli inabaki. Uwanja haupo kwenye mipango.

Watu walipiga makofi. Sikuwachukia. Nimeona ule mpunga. Niliangalia nani hapigi: wachezaji, na Roza. Nikamsogelea, sijui nguvu nimetoa wapi, nikamuuliza, "Wewe hutaki ghala?"

"Nalitaka. Mpunga wa mama umeota mizizi, nitakosaje kulitaka? Na uwanja nautaka. Wasukuma na Wasangu wanakutana wapi pengine bila kugombania mifereji na ng'ombe? Kila Jumapili nawauzia wote, wanakaa benchi moja." Akanisukuma bega. "Kumbe unajua kuuliza."

Bwana Ambrosi alikula chakula chake ndani ya Landrova, peke yake. Nilimwona anaangalia watoto wanavyopiga mpira wa matambara golini. Aliwaangalia muda mrefu kuliko mtu asiyejali.

Jumatano 10 Agosti

Wameng'oa magoli. Vibarua wamechimba msingi umepita katikati kabisa, na kwenye kona ambapo itasimama nguzo shimo linafika kifuani. Ile duara yangu ya chokaa imekatwa kama mkate.

Baba Kashindye katuma mtoto. Ng'ombe zinaondoka Jumatatu. Niwe tayari.

Ijumaa 12 Agosti

Nimefunga nguo zangu. Ni chache. Nimefungua tena.

Jumamosi 13 Agosti

Nataka kuandika yote.

Asubuhi watu walijaa kuona jiwe la kwanza likiwekwa. Wasangu mbele na majembe yao, Wasukuma nyuma na fimbo, baba Kashindye kati yao. Landrova ya Faustin imesimama kando ya shimo, milango wazi, redio imewashwa. Bwana Ambrosi akapanda juu ya lundo la udongo. Hakusema mengi. Alisema, "Ndugu zangu, uwanja huu umetufurahisha, sasa siku zake zimekwisha. Tuuzike kwa heshima, tujenge."

Tuuzike. Kasema mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshika sepetu. Nakumbuka nimeiweka chini. Baada ya hapo nakumbuka udongo wa baridi mgongoni na mbingu juu yangu imekuwa ndogo, pembe nne. Nilikuwa nimeruka. Na ile sauti iliyokuwa inapiga kelele ilikuwa yangu.

"Haingii mtu humu! Wala jiwe haliingii! Mmeua uwanja bila kutupa taarifa watani wenu! Wewe Mhehe, umemaliza mbwa wote wa Iringa, sasa umekuja kutafuna uwanja wa Rujewa? Nikomboe! Usiponikomboa mwaga zege, nitakuwa nakukoromea chini ya mpunga!"

Wasukuma wakapasuka kicheko. Fimbo zikagongana. Nikasubiri yeye acheke.

Hakucheka.

Kichwa cha Faustin kikatokea juu ya shimo, kimegeuka rangi. Akanong'ona, "Mihayo, toka. Toka upesi. Bwana siyo Mhehe. Mkinga huyo. Wa Makete."

Mkinga si mtani wangu. Mhehe ukimwambia amekula mbwa, atakuuliza umeficha wapi mkia. Mkinga ukimwambia hivyo, tena bosi wako, tena mbele ya kijiji, umemtukana. Basi. Nikaanza kuinuka nitafute pa kutokea.

Halafu udongo ukanimwagikia, na mtu akaangukia pembeni yangu kwa kishindo. Silvester. Karuka naye.

"Bwana," akasema akiwa amekaa, kofia yangu kichwani kwake, "kosa langu. Mimi ndiye nimemwambia wewe ni Mhehe. Ulinisalimia kamwene. Unaongea Kihehe kuliko mimi! Ukimfukuza huyu, tufukuze wote, tupo tayari tumeshashuka."

Bwana Ambrosi akavua kofia. Akaja mpaka ukingoni, akachuchumaa. Kwa karibu hakuwa na uso mkali hata kidogo.

"Kihehe nimefundishwa na mama," akasema. "Mama yangu ni wa Kalenga."

Juu kule nikasikia sauti ya baba Kashindye. "Wa Kalenga? Basi nusu yake ni mtani! Usitoke, ng'wanawane! Lala hapohapo!"

Sikuamini. Baba mdogo, ambaye ng'ombe zake zinanisubiri.

Watu wakaanza kusogea, Wasangu kwa Wasukuma, wanachungulia. Bwana Ambrosi akajikuna kidevu. "Nusu ya baba yangu inataka nikufukuze leo hii. Umenitukana vibaya. Ile nusu ya mama inasema nisipokukomboa, na yeye akisikia, atapanda basi aje Rujewa mwenyewe."

"Msikilize mama!" akina mama wakapiga kelele.

"Haya. Kuku?"

Nikatikisa kichwa. Sauti ilikuwa imerudi ilikotoka.

"Mbuzi?"

Silvester akanipiga kiwiko. Nikasema, "Uwanja."

"Uwanja mzima hutolewa na mtani mzima," akajibu. "Mimi ni nusu."

Hapo kicheko kikawapata wote. Lakini yeye hakucheka. Alisimama, akaangalia magoli yaliyolala, akaangalia mlingoti wa redio pale pembeni kwenye kibanda cha Silvester, akageuka mwili kama mtu anayejaribu kitanda kwenye chumba kidogo. Akauliza wazee wa Kisangu kama maji hufika pale kwenye mlingoti. Wakasema hayafiki, ila ardhi ya pale ina mawe, kuchimba ni kazi. Mzee mmoja akasema, "Mawe tutayatoa sisi. Vijana walibeba magunia yetu siku ya mvua."

"Ghala lisogee kwenye mlingoti," Bwana Ambrosi akasema, "lisimame kwa urefu. Magoli yageuke. Nusu moja ya mpunga, nusu moja ya mpira."

"Uwanja utakuwa mfupi!" golikipa wetu akalalamika.

Roza akamjibu, "Na wewe hujui kupiga mbali."

Silvester akasimama ndani ya shimo. "Bwana, samahani. Maneno ya hapa upepo unayachukua. Yaseme kwenye redio."

Nilidhani sasa amezidisha. Bwana Ambrosi alimwangalia, halafu akaingiza mkono kwenye Landrova, akachukua kipaza sauti.

"Mbeya, Mbeya, hapa Rujewa. Ghala linajengwa. Linasogezwa kwenye mlingoti. Uwanja unabaki, nusu. Mlinzi wake anabaki. Ni Ambrosi anayesema."

Redio ikakoroma. Mbeya wakasema wamesikia. Halafu sauti ya dereva, "Tumesikia, Ruaha Mbuyuni hapa." Na mwingine, yupo kwenye mlima wa kutoka Chunya, "Imesikika. Hongereni Rujewa." Na mwingine. Na mwingine. Barabara nzima ilikuwa inasikiliza.

Baba Kashindye ndiye aliyenipa fimbo yake nishike, akanivuta juu.

Jumapili 14 Agosti

Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu 15 Agosti

Ng'ombe zimeondoka alfajiri na ukungu. Nilimsindikiza baba Kashindye mpaka barabara ya lami. Tulipoagana akasema, "Mtoto wa kunisaidia nimempata, wa yule jirani. Wewe chunga nyasi zako." Alisema bila kunicheka. Siku zote nilidhani ananiona mjinga. Labda alikuwa anaogopa safari tu, kama mimi ninavyoogopa watu.

Jumatano 17 Agosti

Mawe. Mikono imechubuka. Wasangu na Wasukuma wanabishana nani anabeba kubwa.

Ijumaa 26 Agosti

Mchoraji wa shirika kapaka chokaa kwenye pembe ya njano. Jina jipya ni refu, halitoshi kwenye bati. Watu bado wanasema Mbiu. Bwana Ambrosi kasikia, hakuwakataza. Anakuja kila Jumamosi sasa. Anakula kwa Roza, kwenye benchi, na watu.

Jumapili 4 Septemba

Ghala limefika paa, na leo tumecheza mechi ya kwanza kwenye uwanja uliogeuka. Tumefungwa na Chimala. Golikipa wao kapiga mpira kutoka golini kwake, ukaingia kwetu moja kwa moja. Wamebishana mpaka wamechoka, mwisho wamekubali ni bao.

Shida ni ile kona moja. Chokaa yangu imeishia kwenye ngazi ya ghala, hakuna nafasi nyingine. Mpigaji inabidi asimame kwenye saruji, mgongo umeegemea mlango. Na leo akina mama walikuwa wanaingiza magunia, hawawezi kungoja, mawingu yameshaanza kuonekana upande wa milimani.

Ikapatikana kona. Bwana Ambrosi akaniangalia. Silvester akaniangalia. Nikaona hakuna mwingine.

"Pisheni kona!"

Akina mama wakasimama na magunia kichwani, wakabana ukutani. Mchezaji akapita kati yao, akaweka mpira kwenye ngazi, akapiga. Wakaendelea kuingiza.

Zilikuwa kona nyingi. Sauti imenikauka kabisa, na Roza anasema Jumapili ijayo ataniletea tangawizi.